UZI: Wamekubadilishia buking ya likizo ya familia, Lamu au Malindi? Usijibu "sawa" kwanza

Mwenyeji wa Mkomani:

Asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Likizo ya Agosti imekaribia na simu zimeshaanza kunifikia. "Ndege wameisogeza." "Nyumba tuliyolipia arbuni wanasema haipo tena, watatupa nyingine." "Hoteli inatuhamishia tawi lake la Watamu." Mimi ni mkaazi wa Mkomani hapa Lamu na nyumbani kwetu tunapokea wageni, kwa hiyo mambo haya nayaona kwa pande zote mbili, ya mwenye kubuku na ya mwenye nyumba. Naandika kwa kirefu kwa sababu kuna jambo linalowaumiza watu wetu kila msimu, nalo ni jibu la haraka: "sawa".

Meseji inaingia mtu yuko kazini au ndani ya matatu. Anaisoma juu juu, anaona "samahani kwa usumbufu", anajibu "sawa, asante". Hapo ameshakubali. Mwenye huduma ana ushahidi kwamba ulielezwa ukaridhia, na kudai pesa baada ya hapo ni kupanda mlima. Na wengi huwa hata hawajajua mabadiliko yenyewe yanagusa nini.

Huku kwetu Lamu kila kitu kimeshikana na kingine. Ndege haishuki mjini, inashuka Manda, ng'ambo, kisha mnavuka kwa boti. Mjini hakuna magari, kwa hiyo mzigo, mtoto na mzee wote watakwenda kwa miguu, kwa punda au kwa boti mpaka gati iliyo karibu na nyumba. Kama mnaunga safari ya Siyu au Faza, kisiwani Pate, kuna maji kujaa ya kusubiri. Ndege ikisogezwa kutoka saa tano asubuhi hadi saa kumi jioni, imesogea boti, umesogea wali uliokwisha kupikwa, amesogea mtu wa kuwapokea, na huenda mkakosa kabisa usiku mmoja wa Pate. Malindi ni nafuu kidogo, uwanja uko karibu na mji na tuktuk zipo. Lakini hata Malindi, mwenye kushuka Mombasa kwa treni ya SGR bado ana safari ndefu: kutoka Miritini, avuke mji, apite Mtwapa na Kilifi, ndipo afike. Treni ya mchana ikibadilishwa ikawa ya usiku, familia yenye watoto wadogo itafika Miritini wakati si wa kutafuta matatu ya Malindi.

Nitawapa kisa cha nyumbani kwetu. Mwaka jana kakangu alikuwa anawaleta mkewe, watoto na mama yetu kutoka Nairobi. Mama magoti yanamsumbua. Kaka alichagua nyumba fulani ya Shela kwa sababu moja tu: ina chumba cha kulala chini na choo chake hapo hapo. Siku chache kabla ya safari akaletewa meseji, nami ninayo mpaka leo: "Kutokana na sababu zisizoepukika tumewahamishia nyumba nyingine iliyo nzuri zaidi, ina paa la kupumzikia na inaona bahari. Bei ni ile ile. Tafadhali thibitisha."

Ukiisoma hivyo unafurahi. Nzuri zaidi, bahari, bei ile ile, nani atakataa? Kaka alinipigia kunieleza habari njema. Nikamwambia asijibu mpaka niende nikaione.

Nikaenda. Ni nyumba ya kale kweli, ya mawe, imetengenezwa vizuri. Unapita daka, yaani baraza ya mlangoni, unaingia kiwanda, yaani ua wa ndani, na chini hapo kuna jiko na stoo tu. Vyumba vyote vya kulala viko juu. Ngazi ni za mawe, nyembamba, na kila kipandio kimeinuka kuliko vipandio vya nyumba za kisasa. Inapofika kona inapinda ghafla, vipandio vya hapo vimelika katikati kwa miguu ya miaka, upande mmoja ni ukuta na upande wa pili hakuna pa kushika, hata kamba hawakufunga. Mimi mwenyewe nilishuka kwa kuegemea ukuta. Mama angepandishwa siku ya kwanza kwa kushikwa mikono, na asingeshuka tena mpaka siku ya kuondoka. Bahari angeiona, ndiyo, kutoka juu, huku wajukuu wako ufukweni bila yeye.

Mwenye nyumba hakuwa mtu mbaya. Hakujua kwamba kile chumba cha chini ndicho kilichomleta mteja wake. Na asingejua, kwa sababu kwenye buking imeandikwa tu "vyumba vitatu". Ndipo kaka akamwandikia hivi, nimempa mwenyewe maneno:

"Asante kwa kunijulisha mapema. Mabadiliko haya sijayakubali bado. Nilichagua nyumba ya kwanza kwa sababu ya chumba cha chini chenye choo, kwa ajili ya mzee asiyeweza ngazi. Naomba mojawapo: nyumba yenye chumba kama hicho, au nirudishiwe pesa zote nilizolipa. Naomba jibu kwa maandishi kesho kabla ya saa kumi jioni, ili nipate muda wa kutafuta kwingine."

Tazameni kilichomo. Hakuna matusi, hakuna vitisho. Kuna "sijayakubali bado", kuna sababu, kuna mambo mawili ya kuchagua, kuna saa ya kujibu. Jibu lilikuja usiku ule ule. Wakapewa nyumba ya tatu, haioni bahari, ipo ndani kidogo ya Shela, lakini ina chumba cha chini na kiwanda kipana ambacho mama alikaa akisuka ukili na kuzungumza na majirani. Kwa kuwa ilikuwa ya bei ya chini, walirudishiwa tofauti.

Kwa hiyo kabla ya kujibu lolote, jiulize: ni kitu gani katika buking hii ambacho kikiondoka, likizo yetu si likizo tena? Kwa familia moja ni chumba cha chini. Kwa nyingine ni jiko, kwa sababu mtoto ana maradhi na chakula chake hupikwa peke yake. Kwa nyingine ni tarehe yenyewe, kwa sababu wanakuja harusini. Hicho ndicho cha kupigania. Mengine unaweza kuwaachia, na ukiwaachia kwa uungwana watakusaidia kwa lile kubwa.

Jambo la pili ni kujua mabadiliko yametoka kwa nani. Mvua za El Niño za Novemba 2023 zilipofurisha Tana na barabara ya Garsen kuja Lamu ikakatika, hakuna mwenye basi aliyeyataka hayo. Tarehe 11 Septemba 2024 wafanyakazi wa uwanja wa Jomo Kenyatta waligoma na ndege nyingi zikakwama, na hapo pia mwenye hoteli ya Malindi hana kosa kwamba hukufika. Katika hali kama hizo unaomba kusogezewa tarehe, na wengi husogeza bila kukutoza, ukiwaarifu mapema badala ya kunyamaza na kutokea kesho yake. Lakini hoteli ikiuza chumba kimoja kwa watu wawili, au mwenye nyumba akipata mgeni wa kukaa mwezi mzima akakutoa wewe wa siku nne, hilo ni lao. Gharama inayotokana na hilo, ikiwemo boti na tofauti ya bei ya nyumba nyingine, ni haki kuwauliza wailipe.

Na la tatu, usivunje vitu vingine kwa hasira. Nimeona mtu ndege yake imeahirishwa siku moja, akafuta hoteli, akafuta boti, akaambiwa arbuni hairudi. Kumbe shirika lenyewe lilikuwa na nafasi kwenye ndege ya asubuhi yake. Shikilia ulivyonavyo mpaka upate jibu la maandishi.

Karibuni mchangie. Wenye visa vya Malindi hasa, maana mimi wa Lamu.

MamaPacha:

Dada, umenikuta papo hapo. Sisi tumebuku hoteli Malindi wiki ya pili ya Agosti, chakula chote ndani, watu wazima wawili na mapacha wa miaka sita. Jana wamenitumia baruapepe kwamba bwawa la kuogelea litakuwa kwenye ukarabati, ila "huduma nyingine zote zinaendelea kama kawaida na bahari iko hatua chache". Mume wangu anasema tunyamaze, bahari si ipo? Watoto kutwa wanazungumzia bwawa tu. Je, hili ni la kudai au nitaonekana msumbufu?

Mwenyeji wa Mkomani:

Si usumbufu hata kidogo, mamangu. Agosti ni Kusi, msimu wa upepo wa kusini. Upepo uko juu, mawimbi ya Malindi si ya kumwachia mtoto wa miaka sita, na nyakati nyingine mwani hujaa ufukweni. Huo ni mwezi ambao bwawa ndilo linalowafaa watoto kuliko bahari. Waandikie hivyo hivyo kwa adabu, kwamba mlichagua hoteli kwa ajili ya bwawa, na waulize watafanya nini: kupunguza bei, kuwapeleka watoto kwenye bwawa la hoteli jirani kwa gharama yao, kusogeza tarehe, au kuwarudishia pesa. Usiandike "tutakuja tuone". Ukifika na kuingia chumbani, hapo wanajua huna pa kwenda.

Mapokezi Malindi:

Mimi nimefanya kazi ya mapokezi hoteli za Malindi na Watamu, naomba niongeze ya upande wetu.

Kwanza, kinachosababisha vyumba kuuzwa mara mbili mara nyingi si ujanja. Chumba hicho hicho kimo kwenye mitandao ya kubuku, kwa mawakala wa Nairobi, kwa wakala wa Italia na kwenye daftari letu. Msimu ukishika kasi, mmoja anachelewa kuandika na tayari watu wawili wana chumba kimoja. Wa kuhamishwa huwa ni yule asiyeuliza maswali. Kwa hiyo piga simu siku chache kabla, sema jina la buking, taja idadi ya watoto na umri wao, omba mtu akuthibitishie kwa maandishi. Aliyethibitisha hivi karibuni huwa hasumbuliwi.

Pili, na hili watu hawalijui: dai pesa kwa aliyezipokea. Kama ulilipa kwa wakala, hoteli haina pesa zako mkononi, hata meneja akutake radhi kiasi gani. Nimeona familia zinapigizana kelele na kijana wa mapokezi usiku, naye hana uwezo wa kurudisha hata shilingi. Anachoweza kufanya ni kukupa chumba bora, chakula, gari la kukupeleka kwingine, labda na usiku mmoja wa bure. Ombeni hayo kwake. Pesa ombeni kwa mhasibu au meneja, siku za kazi, na si Ijumaa jioni ofisi ikishafungwa.

Tatu, mkihamishiwa "tawi" au hoteli dada, ulizeni mji. Malindi na Watamu ni karibu, lakini mwenye shangazi Malindi aliyepanga kumtembelea kila jioni, Watamu si mlango wa pili.

Nahodha wa Gati:

Mimi ni mtu wa boti. Niseme la maji tu.

Maji hayajai wala kupwa saa ile ile kila siku. Kila siku yanasogea mbele kiasi cha dakika hamsini. Wageni wakinipa saa ya ndege, nafanya hesabu nijue nitapita Mkanda, mlango wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakiwa wapi, maana mlango ule ni mfupi wa maji na boti yenye mzigo inataka maji yamejaa. Ndege ikisogea siku moja, mtu ananiambia "ni siku moja tu, nahodha". Kumbe saa zote zimebadilika. Na wanaotaka kwenda magofu ya Takwa, kisiwani Manda, vile vile, ile ni mkono wa mikoko, maji yakipwa mtatembea kwenye tope na watoto begani.

Pia mnitajie saa za Kiswahili. Tiketi imeandikwa 16:00, mtu ananiambia "saa nne", mimi niko gatini saa nne asubuhi nawasubiri na mafuta yanakwenda. Sema saa kumi jioni. Na ndege ikichelewa, nijulisheni mkiwa bado Nairobi. Nikijua mapema sidai kitu. Nikishavuka Manda kuwapokea, nimechoma mafuta ya watoto wangu.

Mzee wa Langoni:

Nimesoma yote. Wanangu mna haki zenu, lakini nahisi mnaleta mambo ya mahakama kwenye ukarimu. Sisi zamani mgeni alikuja na barua kutoka kwa ndugu yake, akapokewa, nyumba ikijaa akapelekwa kwa jirani, na hakuna aliyesema "naomba jibu kwa maandishi kabla ya saa kumi". Maulidi ya Lamu, mwezi wa Mfungo Sita, watu hutoka kila pembe kuja msikiti wa Riyadha, nyumba zinajaa hadi kwenye madaka, na kila mtu hupata pa kulala. Tukianza kuandikiana hivi tutaharibiana.

Mwenyeji wa Mkomani:

Mzee wangu, heshima zako, na uliyosema ya Maulidi nayakubali yote. Wakati ule hakuna mgeni wa Riyadha anayelala njiani, na Mungu azidi kuulinda mji huu kwa hilo.

Lakini mgeni wa Maulidi hakulipa arbuni, amepokewa kwa ukarimu. Huyu amekatwa mshahara mwaka mzima, akalipa pesa taslimu kwa chumba fulani tarehe fulani. Hiyo ni biashara, na wazee wetu katika biashara walikuwa wakali kuliko sisi. Nyinyi ndio mliotufunza kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Hawa wenye majahazi waliokwenda Bara Hindi na Uarabuni walikuwa wakiandika kila kitu. Kuandika hakumvunjii mtu heshima. Kunamwokoa na ugomvi, kwa sababu kesho kila mmoja anakumbuka lake.

Na kwa kuwa umetaja Maulidi, wadau lishikeni hili: miezi ya Kiislamu hurudi nyuma siku kumi au kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Kuna miaka Mfungo Sita huangukia likizo ya shule, na hapo ndipo nyumba huuzwa mara mbili. Kabla ya kubuku, au kabla ya kukubali tarehe mpya mnayopewa, angalieni kalenda ya mwezi mwandamo. Vile vile Aprili, Mei na Juni: hoteli kadhaa Lamu hufunga wakati wa mvua na mwanzo wa Kusi. Mkipewa "hamisheni tarehe bila malipo" kisha tarehe zenyewe zikawa za Mei, hapo hamjapewa kitu.

Kijana wa Mpeketoni:

Swali la ndege. Shirika limenitumia ujumbe wa mabadiliko, saa ni ile ile lakini naona herufi zimebadilika, ilikuwa NBO sasa ni WIL. Ni kitu cha kujali?

Mwenyeji wa Mkomani:

Ni kitu kikubwa sana, ahsante kwa kuuliza. NBO ni Jomo Kenyatta. WIL ni Wilson. Ni viwanja viwili mbali mbali, na foleni ya Nairobi unaijua. Familia inaweza kufika Jomo Kenyatta na masanduku yote, ndege inaondoka Wilson. Huku kwetu LAU ni Lamu, MYD ni Malindi, MBA ni Mombasa. Ukiona MBA mahali pa MYD, wamekushusha Mombasa na barabara mpaka Malindi ni yako, kwa hiyo waulize nani analipa gari.

Halafu angalia kilo. Ndege ndogo za Wilson nyingi huruhusu kilo 15 tu, na hupendelea mikoba laini kuliko masanduku magumu. Kama mwanzo ulikuwa na kilo 23 kisha ndege ikabadilishwa, wapigie wakuandikie kwamba mzigo uliolipia utabebwa.

Na hili la mwisho kwa wenye watoto: hakikisheni familia yote iko kwenye nambari moja ya buking. Ikiwa baba na mtoto mmoja wana nambari yao, mama na mtoto wa pili wana nyingine, wakati wa kupanga upya kompyuta haijui kwamba nyinyi ni nyumba moja. Mnaweza kupelekwa siku mbili tofauti. Kama tayari mko hivyo, pigeni simu waunganishe au waandike maelezo kwenye buking zote mbili.

Dada wa Ng'ambo:

Nawasalimu kutoka Uingereza. Mimi wa Malindi, nimeolewa huku. Naongezea kwa sisi tunaorudi nyumbani na watoto.

Ukinunua huku ndege na hoteli pamoja kama kifurushi kutoka kampuni moja, kuna kanuni za vifurushi vya safari za 2018. Kampuni ikibadilisha jambo kubwa kabla ya safari, lazima ikuambie na ikupe hiari ya kukubali au kuvunja bila kutozwa, na ukivunja pesa zirudi ndani ya siku 14. Kwa hiyo maneno ya dada wa Mkomani, "sijakubali bado", huku yana nguvu ya sheria. Ila kuna mtego: huwa wanakupa muda wa kujibu, na wanaeleza kitakachotokea usipojibu. Kwa hiyo usijibu haraka, lakini usinyamaze pia.

Ukilipa kwa kadi ya mkopo kitu cha zaidi ya pauni 100 hadi pauni 30,000, sheria ya mikopo ya 1974, kifungu cha 75, inaibana benki yenyewe pamoja na muuzaji. Nimeitumia, inafanya kazi.

Lakini jihadharini. Ukinunua ndege ya kufika Nairobi kwa kampuni moja, kisha ya Malindi ukainunua peke yake kwa shirika la Kenya, ile ya kwanza ikichelewa, ya pili haiwajibiki kukusubiri. Sisi siku hizi tunalala Nairobi usiku mmoja kwa dada, watoto wanapumzika, asubuhi tunaendelea.

Kijana wa Mpeketoni:

Sasa kwa Kenya? Sisi ambao hatuna hizo kadi tunalipa kwa M-Pesa.

Mwenyeji wa Mkomani:

Kenya hatuko mikono mitupu. Katiba ya 2010, ibara ya 46, inampa mlaji haki ya huduma yenye ubora unaostahili, haki ya kupewa maelezo, na haki ya fidia akipata hasara. Ipo na Sheria ya Kulinda Walaji ya 2012. Malalamiko kuhusu hoteli au wakala wa safari unaweza kuyapeleka kwa Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, ndiyo inayowapa leseni. Na kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanzishwa kwa sheria ya 2016, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni moja. Unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60. Wengi hawafiki huko. Ukimwandikia mtu kwa upole ukazitaja, mara nyingi anakumbuka alikoweka pesa zako.

Kuhusu M-Pesa: ile huduma ya kurudisha pesa kwa kutuma ujumbe kwenda 456 ni ya mtu aliyekosea nambari. Haikusudiwi kwa aliyelipa kwa hiari kisha huduma ikabadilishwa. Kwa hiyo lipa kwenye Till au Paybill yenye jina la biashara badala ya nambari ya mtu binafsi, hifadhi ujumbe wa malipo, na muombe aandike: "Nimepokea arbuni ya kiasi hiki, kwa chumba hiki, tarehe hizi." Mstari mmoja unatosha.

Mapokezi Malindi:

Naongezea moja la hatari. Kuna mabadiliko ya uongo. Mtu anapata ujumbe una jina la hoteli na tarehe zake sahihi, unasema "nambari yetu ya kulipia imebadilika, malizia hapa". Msilipe. Pigeni ile nambari mliyoitumia mwanzo, mzungumze na mtu. Na kabla ya kubonyeza kutuma, angalieni jina linalotokea kwenye simu. Hoteli haina sababu ya kupokea pesa kwa jina la mtu msiyemjua.

MamaPacha:

Narudi na majibu. Niliandika kama mlivyonielekeza, nikataja Kusi na umri wa watoto. Meneja amenipigia mwenyewe. Amesema bwawa la hoteli jirani wameshaelewana, watoto wataogelea huko asubuhi na jioni na mfanyakazi wao atawasindikiza, na usiku mmoja kati ya tuliolipia utarudishwa. Alikuwa mpole sana. Mume wangu ameridhika, nami pia. Nimjibu sasa "sawa"?

Mwenyeji wa Mkomani:

Hongera mama, na hongera kwa huyo meneja. Lakini hayo bado yako kwenye simu tu. Mwandikie leo: "Asante kwa mazungumzo yetu. Tumekubaliana hivi," kisha uyataje: bwawa la hoteli gani, saa ngapi mpaka saa ngapi, nani anawasindikiza watoto, kiasi kinachorudi, kinarudi kwa njia gani na kabla ya tarehe gani. Mwombe athibitishe. Akithibitisha, mjibu "sawa" kwa moyo mmoja.

Na huyo wa kuwasindikiza, muulize kama anajua kuogelea.